Kasha la Vassa

Sogezeni viti karibu na kitanda, wanangu, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupiga kelele. Priidu, wewe kaa upande wa dirishani, na hiyo kofia uivue, hapa si bandarini. Helju, acha kunishikashika mto, mto uko sawa. Na wewe Vassa, najua umekuja kuniletea maziwa mgando tu na unataka kuwahi nyumbani kabla njia haijaganda, lakini leo nakuomba ukae. Kaa pale kwenye benchi la jiko, penye joto, uwe unasikia. Nina maneno ya wosia, na mengi kati yake ni ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu peke yangu.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii na zizi ni vya Priidu. Ile ardhi tuliyorudishiwa mwaka juzi, shamba la ushirika lilipovunjwa, mgawane pale penye ukuta wa mawe, upande wa viazi kwa Helju na upande wa vichaka vya mireteni hadi ufukweni kwa Priidu, na nikisikia huko niendako kwamba mmepelekana mahakamani, nitarudi. Kondoo wote kumi na mmoja ni wa Helju, kwa kuwa Priidu hajui hata kondoo ana miguu mingapi. Ruudu jirani yetu tulinuniana naye miaka ishirini kwa sababu ya yule kondoo dume wake aliyeingia kwenye kabichi zangu. Mwambieni nimesahau. Sijasahau, lakini mwambieni hivyo.

Sasa limebaki kasha. Nakuona, Helju, umenyoosha shingo. Kasha lile jekundu lenye maua pembeni mnalijua kuwa ni langu la harusi, na kisiwa kizima kinajua kwamba nililijaza mimi, Ingel, mfumaji ambaye wasichana wa shule waliletwa kwake kila majira ya baridi wajifunze soksi na glavu. Wewe umelisubiri tangu ulipoolewa, na binti yako analisubiri baada yako. Basi nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili sitaweza kulisema mara mbili. Mbao za kasha lile ni zangu, babu yenu alizipasua mwenyewe. Kilichokuwa ndani hakikuwa changu hata jozi moja.

Mnajua mambo yalivyokuwa kabla ya vita. Msichana wa hapa hakuulizwa ana sura gani, aliulizwa kasha lake lina nini. Siku ya harusi kasha lilifunguliwa mbele ya ukoo mzima wa mume, likagawiwa mpaka likabaki sakafu: glavu kwa baba mkwe, glavu na soksi ndefu kwa mama mkwe, kwa mawifi, kwa mashemeji, kwa mshenga, kwa mpiga fidla, jozi moja ukaifunga kwenye hatamu za farasi aliyekuleta, nyingine ukaitundika kisimani na nyingine zizini ili maji na mifugo ya ugenini wakupokee. Jozi sitini hazikuwa nyingi. Na wale wakwe hawakupokea tu wakashukuru. Walizigeuza ndani nje, wakazivuta, wakahesabu vitanzi kwa kucha, na ukikosea rangi katika ua moja dogo, wajukuu zako walikuja kuisikia habari hiyo.

Mimi nilikuwa mvivu wa kufuma. Majira ya baridi, kazi za nje zikisimama, wasichana wote walijaa jikoni kwa mama na sindano zao tano tano, wakifuma na kupiga soga, na kwao ile ndiyo ilikuwa starehe yao ya mwaka mzima. Mimi nikifuma urefu wa vidole viwili vidole vinawasha, natupa kazi kapuni, natoka kwenda kuteleza kwenye barafu ya ghuba na wavulana. Siku mshenga wa baba yenu alipobisha hodi kwetu, kasha langu lilikuwa na jozi tisa, na tatu kati ya hizo tisa, nililaaniwa sijui na nani, glavu zote mbili zilikuwa za mkono wa kushoto. Kidole gumba nilikuwa nakianzia upande uleule kila mara na sikuwa nagundua mpaka nimemaliza.

Na kando ya kasha langu, ghalani, lilikuwapo kasha la Vassa. Mnamwita mama mdogo, na ni mama mdogo kweli, binti wa dada wa mama yangu, aliyeletwa kwetu ana miaka sita baada ya homa kuwachukua wazazi wake katika wiki moja. Alijifunza kufuma akichunga kondoo wetu. Alipofika miaka kumi na saba hakuna aliyekuwa na mkono kama wake, vitanzi vidogo mpaka wazee walitafuta miwani. Kasha lake lilikuwa na jozi hamsini na nane. Alizifuma kwa manyoya aliyopewa kama ujira wa kuchunga, alisokota uzi mwenyewe na kuutia rangi mwenyewe.

Baba yenu alikuwa baharia, alitakiwa melini barafu ikivunjika, kwa hiyo harusi ilipangwa baada ya wiki tano. Wiki tano, wanangu, na jozi tisa! Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda ghalani, akazitoa zile tisa zangu akazitupa kapuni, akafungua kasha la Vassa, akaanza kuhamisha. Vassa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi. Mama alimwambia, “Wewe bado mdogo, utafuma nyingine,” basi, kama mtu anayeazima chumvi. Vassa hakubisha, angebishana vipi na nyumba iliyomlisha? Aliomba abaki na jozi moja tu, ile nyekundu yenye nyota, kwa sababu nyota zile alizifuata kwenye glavu za marehemu mama yake, ambazo zenyewe nondo walikuwa wamekwisha kuzila.

Mama alikubali. Nataka mlijue hili, msije mkamlaumu bibi yenu peke yake. Mama alikubali, mimi ndiye niliyekataa. Nilisema ile ndiyo nzuri kuliko zote, na mama mkwe lazima apewe iliyo nzuri kuliko zote. Niliitoa mkononi mwake, kwa vidole vyangu hivi. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwa mtoto.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Harusini nilisifiwa mpaka nikaona haya, nao wakadhani ni haya ya bibi harusi. Mama mkwe alivaa zile za nyota palepale mezani, akala supu nazo, akasema kwa sauti kwamba ukoo wao haujapata kuoa mikono kama hii. Vassa ndiye aliyekuwa akipakua supu. Nilimwona akiziangalia kazi zake zikipita kutoka mkono hadi mkono, huyu akizivuta, yule akizinusa, na mimi nikageuza uso nikamcheka mpiga fidla kwa jambo ambalo hata silikumbuki.

Kama ningeishia hapo, labda ningeweza kulala. Mama aliniamuru, ningesema, nilikuwa na haraka, ningesema. Lakini sikuishia hapo.

Haukupita mwaka na nusu, akatokea Timmu, seremala wa kijiji cha ng'ambo ya ghuba, kijana mpole, akampenda Vassa. Vassa alikuwa amekwisha kuanza upya, ana jozi ishirini na kitu kashani. Mama yake Timmu, kama ilivyo desturi, hakwenda kwanza kwa msichana. Alikuja kwangu, ndugu aliyeolewa, aulize. Nikamtengea kahawa na mkate wa shayiri. Akaniambia amesikia huyo binti anafuma vizuri, je, ni kweli?

Nilikuwa na mimba yako, Priidu, ya miezi mitano. Nikafikiri haraka kuliko nilivyopata kufikiri maishani. Vassa akiolewa, kasha lake litafunguliwa mbele za watu, na wakwe zangu wataalikwa kwa sababu ni ndugu, na mama mkwe atashika glavu moja ya Vassa mkononi na atajua. Hapa kwetu mtu hujulikana kwa vitanzi vyake, hata akiwa amekufa miaka kumi, na mama mkwe alikuwa na zile za nyota, angeweza kulinganisha. Nikamjibu yule mama hivi, naye akanywa kahawa yangu huku akinisikiliza: “Mama, sipendi kumsema ndugu yangu. Zile zilizo kashani mwake nilimfumia mimi, kwa kumhurumia. Mikono ya Vassa ni ya kukamua ng'ombe tu.”

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hata kahawa sikuimwaga.

Timmu aliacha kuja. Mwaka uliofuata akaoa kwingine. Na maneno yangu yakatembea kisiwani yenyewe, sikuhitaji kuyarudia: wasichana wakambandika Vassa jina la Mikono Mitupu, na kila majira ya baridi wanawake walipokusanyika kufuma, yeye akapewa viazi avimenye. Akawa anamenya. Hakuna mwingine aliyemposa. Nani apose msichana wa kasha la hisani? Mnamjua tangu mlipozaliwa, mmekula mkate wake, je, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona na sindano? Wewe Helju ulikuwa ukiniuliza ukiwa mdogo kwa nini mama mdogo hajui kufuma, na mimi nilikujibu kwamba wengine Mungu hakuwajalia.

Usinipapase mkono, Helju, bado sijamaliza, na ukijua yote huenda usitake kunipapasa.

Mtauliza, basi zile tulizovaa sisi alifuma nani? Nilifuma mimi. Mama mkwe aliniwekea kapu la sufu mapajani, ningefanyaje? Nilichukua glavu moja ya Vassa, nikajificha nayo darini, nikaifumua safu moja, nikaifuma, nikafumua mbili, nikazifuma, mpaka nikajifunza maua yote. Nilijifunza kwa woga, na woga ni mwalimu mkali. Ila kidole gumba kilinishinda. Kilipinda, kilielekea nyuma, kilikaa kama pua ya mtu aliyepigwa. Basi Jumamosi moja, Vassa alipokuja kuoga kwenye nyumba yetu ya mvuke, nilimtilia kwenye taulo lake glavu nne zisizo na vidole gumba. Jumamosi iliyofuata zikarudi ndani ya taulo, zina vidole. Hakuuliza, nami sikueleza. Zikaja nyingine. Miaka hamsini na saba, wanangu, Jumamosi kwa Jumamosi, kila glavu mliyovaa kwenda shule, kila glavu baba yenu aliyokwenda nayo baharini, niliyemnyima mume ndiye aliyewafungia vidole msigande.

Na ile jozi ya nyota. Mama mkwe alipofariki ilirudi kwangu, na Helju ulikuwa darasa la pili walipokuja wale watu wa makumbusho kutoka mjini, wakaitazama kwa kioo cha kukuzia, wakaniuliza nani alifuma. Nikasema mimi. Wakaandika. Yule kijana aliyekuwa akiandika alikuwa na adabu, alimgeukia na Vassa pale alipokaa na viazi vyake, akamuuliza kama yeye naye hufuma, na mimi nikamjibu kabla Vassa hajafungua kinywa. Kazi aliyoifuma kwa kumkumbuka mama yake imekaa ndani ya kioo karibu miaka arobaini ina jina langu chini yake. Mara mbili tumekwenda kuitazama na basi la ushirika, na Vassa alikuwamo katika basi.

Basi haya ndiyo ninayoagiza, na Priidu uandike, usijifanye unakumbuka.

Helju, barabara zikifunguka utakwenda mjini kwenye makumbusho. Utawaambia mama yako alisema uongo. Usitafute neno laini. Wafute jina langu waandike Vassilissa, jina lake kamili, na chini yake waandike kwamba nyota ni za mama yake, Akilina. Utasimama hapo mpaka wameandika.

Kasha ni la Vassa, na jozi kumi na moja zilizomo, zilizonirudia wakwe walipofariki, ni zake tangu mwanzo. Usikunje uso, Helju. Binti yako akitaka kasha na ajifunze kufuma, na aende akajifunze kwa aliye fundi.

Na la maziko. Mnajua wachimba kaburi, na aliyepigilia jeneza, na mgonga kengele, wote hupewa glavu alizofuma marehemu kwa mkono wake. Mlidhani mtatoa zile za kashani, zile nzuri, ili watu waseme Ingel amewaaga vizuri. Hapana. Priidu, vuta hicho kikapu chini ya kitanda. Majira haya yote ya baridi, mlipodhani nimelala, nilikuwa nafuma, peke yangu, na sikumpelekea mtu Jumamosi. Zitoe. Zioneshe. Cheka, mwanangu, usijizuie, hata mimi nimezicheka. Jozi tano, na hakuna kidole gumba kilichokaa mahali pake, na ile ya mwisho upande mmoja haina kabisa, nguvu ziliniishia. Hizo ndizo mtakazogawa kaburini, mchana, watu wote wakitazama. Watauliza kama nilipofuka uzeeni. Waambieni hapana, hivi ndivyo alivyokuwa akifuma siku zote, na mengine yote muwaeleze kama nilivyowaeleza. Mtaona aibu kubwa. Naijua, nimeishi nayo, na nawaombeni radhi kwamba nawaachia muibebe siku moja.

Vassa, unafanya nini? Iweke chini. Helju, mnyang'anye hiyo sindano! Ameishika ile isiyo na kidole, tazameni, mkono wake umekwenda wenyewe. Usinimalizie, Vassa. Nakuomba. Safari hii usinimalizie. Iache hivyo ilivyo, atakayepewa atajua la kufanya.

Ngojeni nipumue.

Vassa, nimesema mbele ya watoto kwa sababu nilikudhulumu mbele za watu. Nimechelewa, ninajua. Nimengoja mpaka siwezi hata kuinuka nije ulipo. Nilikunyima mume, na watoto, na jina la mikono yako, na nikakuachia viazi. Sina cha kukulipa. Kama una neno, nitukane, nitalichukua.

Anasema nini? Sema kwa nguvu, Vassa, masikio yangu haya. Anasema... subirini. Anasema Timmu hakumwamini mama yake. Alivuka ghuba mwenyewe, akamkuta zizini, akamwambia fuma mbele yangu, kitanzi kimoja tu, mengine niachie mimi. Na sindano alikuwa nazo. Mfukoni mwa aproni, anasema. Akamjibu kwamba Ingel amesema kweli, yeye hajui kufuma.

Kwa nini, Vassa? Kwa nini ulifanya hivyo?

Mmesikia? Anasema, “Ulikuwa na mtoto tumboni. Wakwe zako wangekurudisha kwenu.”

Ee Mungu wangu.

Alijua. Alijua tangu siku ile. Mimi miaka yote hii nikijiona mjanja, nikijiona mwizi ambaye hakukamatwa, kumbe alikuwa ameshika mlango nipite. Mungu ni shahidi, sikujua. Nina aibu, wanangu. Nilidhani nimeileta yote hapa leo, na iliyo kubwa nilikuwa sijaijua.

Priidu. Futa machozi, nisikilize, sina pumzi nyingi. Mtoto yule ni wewe. Tangu leo chakula chako ale kwanza yeye. Kuni zako ziingie kwake kabla ya kwako. Akiugua, alale humu, kitanda hiki hiki, si kwenye kile chumba chake chenye upepo. Helju, na wewe hivyo hivyo. Siku yake ikifika, mzikeni kama mzazi, na glavu zitakazogawiwa siku hiyo... watu watatoka ng'ambo kuja kuziona.

Baraka zangu, kama bado zina kitu ndani, zichukueni. Mungu awalinde na baridi. Awape kusema kweli mapema, mkiwa bado na miguu. Msigombane. Awape... wajukuu wenye mikono mizuri, na wasiokuwa nayo, waseme tu.

Usiseme kama umenisamehe, Vassa. Sitaki useme kwa kuwa ninakufa. Kaa tu.

Priidu, inuka. Nenda pale kwenye benchi. Piga goti, ndiyo, na magoti yako hayo mabovu. Mwite mama. Si mama mdogo. Mama. Mwite nikiwa bado... nikiwa nasikia.

Sijasikia, mwanangu. Rudia.